Breki za Newala, mizani na maji barabarani: madereva wauliza

Mvua zimewakuta watu na korosho bado ziko barabarani, na maswali yamekuwa mengi. Leo nayajibu manne.

Shikamoo mzee. Juzi nikishuka na korosho kutoka Newala kwenda Masasi nilisikia harufu ya kuungua, nikawa nakanyaga breki gari halishiki. Fundi anasema breki ni nzima. Tatizo nini? (Dereva, Newala)

Marahaba mwanangu. Fundi wako hajakosea. Breki zilizidiwa na joto. Ukiikalia pedali mteremko mzima, shuu (vipande vinavyobana) zinasugua ngoma, ile bakuli ya chuma inayozunguka na tairi, bila kupoa mpaka zinapoteza mshiko, na hapo hata mitungi ya upepo unaosukuma breki ikiwa imejaa haikusaidii.

Mlimani gari huzuiwa na injini. Ingiza gia nzito ukiwa bado juu, kabla pua ya gari haijainama. Ukisubiri kasi ishike ndipo uanze kutafuta gia, inaweza kugoma kuingia, ukabaki nyutro, yaani bila gia, na mzigo wote unakusukuma mgongoni. Kisha jipangie mwendo, tuseme kilomita 30 kwa saa. Ukifika 30, kanyaga kwa nguvu ushuke hadi 22 hivi, halafu achia kabisa zipoe. Usidonoedonoe pedali, kila mkanyago unakula upepo. Ukisikia king'ora cha upepo, tafuta pa kusimama mara moja: upepo ukizidi kushuka, springi za breki zitafunga matairi zenyewe, na hilo hulitaki ukiwa kwenye kona yenye utelezi.

Harufu ikitoka, simama, weka kizuizi kwenye matairi, subiri. Usimwagie maji ngoma za moto, zitapasuka.

Na nyie mnaoteremka nyutro "kuokoa dizeli": injini nyingi za siku hizi hukata dizeli zenyewe gari likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta. Nyutro ndiyo inayokunywa.

Semi yangu ina ekseli sita (vyuma vinavyobeba matairi), jumla sijavuka tani 50, bado mizani imenikamata. Nimeonewa? (Dereva, Mingoyo)

Hujaonewa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu 2019, inaangalia jumla na pia kila kundi la ekseli. Ya usukani tani 8, mbili za kichwa zenye matairi manane tani 18, tatu za tela zenye matairi kumi na mawili tani 24. Makuli hupenda kurundika mbele. Usiende kunywa chai wakati wa kupakia, simama hapo uangalie. Magunia kumi tu ya korosho yakisogezwa nyuma, umehamisha kilo 800.

Binamu yangu anaendesha lori Colorado, Marekani. Anasema wao hufunga minyororo kwenye matairi. Itatufaa kwenye tope? (Utingo, Tandahimba)

Ni kweli. Kwenye milima ya barabara ya I-70, kati ya Dotsero na Morrison, malori hulazimika kubeba minyororo kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31. Ile ni ya kung'ata theluji na barafu. Kwenye tope itakunasua, ila ukigusa lami uifungue, la sivyo itakatika na kuchapa mipira ya breki. Mimi ningebeba jembe na magunia matupu ya kutandika chini ya matairi.

Maji yamekatiza barabara, tajiri anapiga simu nivuke. Nifanyeje? (Dereva, Kilwa)

Usivuke. Maji ya matope hayakuonyeshi kama chini kuna barabara. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika kule Somanga, na wewe wa Kilwa unaijua hiyo vizuri kuniliko. Tajiri akisisitiza, mwambie aje ajionee. Wangu alikuja mara moja, akasimama ukingoni, akatazama maji, akaagiza chai.