Muulize Sista: Nywele zimeshapandwa, sasa siku za mwanzo unaishije?

Tangu tuzungumzie upara kwenye ukurasa huu barua hazijakatika, na wengi hawaniulizi tena kama wapandikize au wasipandikize, wameshaamua, wengine wameshafanyiwa kabisa na wako nyumbani wamejifungia wanaogopa kioo. Mimi kazi yangu ni vidonda, nimewapokea wengi waliorudi kutoka nje na karatasi ya maelekezo ambayo hawakuielewa. Ile operesheni inaisha kwa siku moja, lakini nywele nyingi zinapotea au kupona kwenye zile siku kumi za mwanzo, tena nyumbani kwako, daktari hayupo. Kwa hiyo leo najibu kwa urefu kidogo.

*Sista, habari za kazi. Mimi ni kijana wa Kyengera, nimetoka Istanbul kupandikiza nywele, leo siku ya tano. Kazi yenyewe haikuniuma sana lakini tangu jana uso umevimba mpaka macho hayafunguki vizuri, mama analia anasema wameniharibu. Mbele kichwani nimejaa vigaga vyeusi. Na kwanjula yetu, ile sherehe ya kujitambulisha ukweni, imebaki siku sita, wazee wameshaalikwa, tenti zimeshalipiwa, siwezi kuahirisha. Nivitoe hivi vigaga ili nionekane msafi? Boda na helmeti naweza?*

Kaka yangu, jibu la haraka nilishakutumia siku ile ile, hapa naliweka lote kwa faida ya wengine. Kwanza mama atulie. Siku ya operesheni walikupiga sindano nyingi za ganzi, ndani yake kuna lidokeini na adrenalini, na mara nyingi wanaongeza maji ya chumvi ili ngozi inyanyuke wapate kufanya kazi. Yale maji hayabaki kule juu, yanateremka taratibu kwenye paji la uso, yanafika kwenye nyusi, yanakaa kwenye macho, na hiyo ndiyo siku ya tatu mpaka ya tano mtu anajiona kama amepigwa ngumi. Yanaondoka yenyewe. Lala kichwa kimeinuka, mito miwili au mitatu, chali, na ukiweka barafu ifunge kwenye kitambaa uiweke kwenye nyusi au pembeni ya macho, kule kwenye nywele mpya isifike kabisa. Na neti ya mbu iangalie, kama inaning'inia chini inakukwaruza ukigeuka usiku, ipandishe au uibane chini ya godoro iwe wima.

Kitu cha kuogopa ni kingine. Vitabu vinasema angalia wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo wewe pima kwa joto na maumivu: sehemu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, maumivu yanazidi badala ya kupungua, usaha, homa, au ngozi inageuka nyeusi tii na kukauka. Ukiona kimoja hapo usisubiri wakujibu kutoka Istanbul, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kliniki ya ngozi pale Mulago watakuangalia.

Sasa vigaga. Tafadhali usivitoe leo. Kila grafti ni kipande kidogo cha ngozi chenye nywele moja mpaka nne, kimechomekwa kwenye tundu lisilozidi milimita moja hivi, na siku hizi za mwanzo kinachokishikilia ni hiyo damu iliyoganda unayoiita uchafu. Ukikwangua kigaga siku ya tano unang'oa na mzizi wake, utaona damu, na hiyo grafti imeenda haitarudi. Ikifika siku ya tisa au ya kumi imeshashika. Kwa hiyo mpaka hapo unaosha hivi: shampuu laini ya mtoto, tengeneza povu mkononi, liweke juu bila kusugua, ngoja kidogo, kisha mwagia maji ya uvuguvugu kwa jagi kutoka karibu, bomba la bafuni lenye presha usisimame chini yake. Taulo usilipitishe juu, acha pakauke penyewe. Siku ya kumi, kama karatasi yako inaruhusu, paka losheni waliyokupa, iache kama nusu saa vigaga vilainike, halafu zungusha ncha za vidole pole pole, kucha zisiguse, vitaanza kutoka. Vikitoka na kinywele kifupi ndani usishtuke, kama hakuna damu basi ni unywele tu umeondoka, mzizi umebaki.

Siku ya kwanjula itakuwa ya kumi na moja, kwa hiyo nenda, utakuwa sawa. Ila kuna kitu hukukifikiria nacho ni kanzu! Kanzu inavaliwa kupitia kichwani na ule mkato wa shingoni ni mwembamba, ukiivuta peke yako kwa haraka itapita juu ya paji la uso ikikwangua. Mwambie fundi aongeze mkato mapema, au uivalie miguuni uipandishe juu kama mwili wako unaruhusu, na kaka yako awepo kukusaidia. Kwa hizi siku zilizobaki vaa mashati ya vifungo, tisheti ziache kabatini. Kaa ndani ya tenti, jua lisikupige. Bia na waragi watakushikia glasi wengine, wewe siku hiyo kunywa soda, pombe inasumbua damu na kidonda.

Boda hapana. Helmeti inakaa pale pale palipopandwa, inabana, inatoa jasho, tena zile za boda zimevaliwa na kila mtu. Na usije ukaniambia basi nitapanda bila helmeti, hiyo ndiyo mbaya zaidi ya zote. Kodi gari, au panda taksi, yale mabasi madogo ya abiria, ila ukiingia inama sana, manake ule mlango wa taksi ni mfupi na wengi wanagonga paji la uso hapo hapo. Hesabu wiki mbili au tatu bila helmeti, na jimu pia ingoje.

*Asalaam aleikum Sista. Nina biashara Kisenyi. Kuna wakala ananiambia grafti bila kikomo kwa bei moja, anataka nitume nusu kwa mobile money wiki hii. Je nywele zikipandwa hazitadondoka tena? Na swala nitafanyaje, manake nasikia hairuhusiwi kuinama.*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Pesa usitume bado. Hilo neno "bila kikomo" ndilo linalonitisha, kwa sababu kisogo chako kina kikomo. Watu wengi wana akiba ya grafti elfu nne mpaka sita hivi kwa maisha yao yote, ukizitoa zote leo kwa pupa nyuma kunabaki madoa madoa na kesho upara ukiongezeka huna cha kuchukua. Mwulize wakala jina la daktari, sio jina la kliniki. Nani anatoboa matundu? Nani anatoa grafti, daktari au fundi? Chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji nywele, ISHRS, kina kampeni nzima ya kuonya watu kuhusu maduka ambayo daktari anaonekana asubuhi kwa picha tu, halafu kazi wanafanya wasio na leseni. Na kama ni hapa Kampala, jina la daktari liulizie kwenye baraza la madaktari, UMDPC, wao ndio wanaosajili.

La pili na la muhimu kwetu: omba picha za watu wenye nywele kama zako, Waafrika, picha za mwezi wa kumi na mbili, sio za siku ya kwanza. Nywele zetu zimejikunja hata chini ya ngozi, mzizi umepinda kama ndoano, sasa mtu aliyezoea nywele zilizonyooka akizamisha kile kibomba chake cha kutobolea grafti wima anakata mzizi katikati, grafti imekufa kabla haijapandwa. Anayejua kazi anabadilisha kibomba na pembe, na mara nyingi anajaribu chache kwanza aone zinatokaje. Akishajua, neema ni yako, nywele iliyojikunja inafunika sehemu kubwa kuliko iliyonyooka, kwa hiyo wewe huhitaji idadi kubwa kama ya Mzungu.

Kudondoka: Daktari Norman Orentreich wa New York alianza kuhamisha nywele za kisogo kwenda mbele mwaka 1952, na kilichoonekana ni kwamba nywele ya kisogo inahama na tabia yake, ile homoni inayokausha za mbele haiisumbui sana. Lakini nywele zako za asili zilizobaki katikati zitaendelea kupungua, ndiyo maana madaktari wengi wanataka utumie pia dawa za kupunguza kudondoka kwa nywele, minoksidili au finasteride. Hiyo finasteride ongea na daktari kwanza, wanaume wengine inawapunguzia hamu ya tendo, na mke akiwa mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Swala: kwa wiki ya kwanza hivi kusujudu hakufai, damu inakimbilia kichwani na paji la uso linagusa chini. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa kwa ishara, ongea na imamu wako kabla hujasafiri, na umuulize pia kuhusu kupaka maji kichwani wakati wa udhu. Ni jambo la kawaida, usione haya kumuuliza.

*Sista, mimi ni mzee wa Bombo, nilikuwa jeshini. Kisogoni nina vipele vigumu vya miaka mingi, nikinyoa vinaongezeka. Watoto wangu wanataka kunilipia nywele za mbele. Ninafaa? Nina presha pia.*

Mzee wangu, kwa sasa hapana, na nakwambia kwa heshima zote. Hivyo vipele vinatokana na nywele zilizojikunja kuchoma ngozi na kuivimbisha, kunyoa mpaka chini kabisa na kola ngumu inayosugua shingo vinachochea, na mwisho vinageuka makovu magumu. Hapo hapo ndipo wanapotaka kuchukua grafti. Ukitobolewa wakati ugonjwa uko macho, vipele vitazidi na hizo grafti hazitakuwa nzuri. Anza na daktari wa ngozi, ziko dawa za kupaka, za kumeza na sindano za kwenye kovu, na kinyozi mwambie mashine isishuke mpaka kwenye ngozi.

Jiangalie pia mwilini. Una kovu lililovimba likapita mpaka wa kidonda, kifuani, begani, sikioni? Hiyo ni keloidi, na daktari lazima aambiwe. Ile njia ya kukata ukanda mzima wa ngozi nyuma na kushona inaacha mstari ambao kwa watu kama hao unaweza kuvimba vibaya. Waangalifu wanatoboa sehemu ndogo kwanza, wanasubiri miezi kadhaa waone ngozi inajibu nini. Presha ni lazima iwe imetulia, kwa sababu kwenye ganzi kuna adrenalini inayoweza kuipandisha, na dawa zako zote ziandike kwenye karatasi, hasa aspirini au zozote za kuyeyusha damu. Usiziache mwenyewe, aliyekuandikia ndiye wa kukuambia.

*Dada Sista, nywele zangu za pembeni na mbele zimeisha kwa rasta na wigi za gundi. Nina miaka 34, niko Mbale. Naweza kupandikiza?*

Mpenzi, pole, najua hilo linavyouma, unafunga kitambaa hata ndani ya nyumba. Unaweza kuja kufaa, ila ngozi iangaliwe kwanza. Simama kwenye mwanga uangalie: kama vile vitundu vya vinyweleo bado vinaonekana na kuna vinywele laini, basi huenda havijafa, acha kuvutwa kabisa, hakuna rasta, hakuna gundi, hakuna kamba ya kubana nyuma, na minoksidili inaweza kusaidia. Kama pamekuwa laini panang'aa hakuna vitundu, hilo ni kovu, na hapo kupandikiza ni njia ya kweli, ila baada ya kutulia muda mrefu bila kuvuta, wengi wanataka kama mwaka. Na upara ukianzia katikati ya utosi unaenda nje ukiwasha au kuchoma, huo ni ugonjwa mwingine, daktari wa ngozi anaweza kukata kipande kidogo akipime. Ukipandikiza juu ya ugonjwa ambao bado unawaka, nywele mpya zinakufa zote na pesa imeenda.

Nakuomba kitu, hata kabla ya hospitali: msusi wako akivuta mpaka kichwa kinauma au vinatoka vipele, mwambie afumue hapo hapo.

*Sista nisaidie haraka, ni wiki ya tano tangu nipandikize, nywele zote zilizopandwa zinadondoka bafuni. Nimeibiwa? Ni mimi dereva wa Malaba.*

Hujaibiwa, dereva. Nywele iliyohamishwa inashtuka, inadondoka kati ya wiki ya pili na ya nane, mzizi unabaki umelala chini. Hata za asili za jirani zinaweza kudondoka kidogo. Zinaanza kuchungulia mwezi wa tatu au wa nne, nyembamba kwanza na zingine zimejikunja ovyo, na picha kamili ni mwezi wa kumi na mbili, utosini hata kumi na nane. Usinunue mafuta yoyote unayouziwa mpakani ya kuharakisha. Piga picha leo, halafu mwezi wa nne mahali pale pale na mwanga ule ule, nitumie zote mbili tuziangalie pamoja.