Maswali ya wasomaji: Kasuku kafika nyumbani manyoya yamekatwa, nifanye nini?

SWALI: Aksanti sana kwa ukurasa huu, tunausomaka kila mara. Mimi niko Bagira, Bukavu. Jirani yetu mwenye alihama alituachia kasuku wake, ile ya kijivu yenye mukia mwekundu. Alikuwa anamufungia mu kizimba kidogo jikoni karibu na mbabula. Mabawa yote mbili yalikatwa na makasi, kifuani ngozi inaonekana, mukia umebaki vipande vipande. Anakulaka kalanga tu na mukate. Watoto wanamupenda lakini akituona anatetemeka, anakimbilia pembeni. Mutu mumoja ananiambia nimupake mafuta ya mawese, mwingine anasema niyang'oe yale manyoya mabovu ili mapya yaote haraka. Nimusikilize nani? Na atarudi kuwa muzuri kweli?
Mama wa watoto, Bagira

JIBU: Mama, hao wote wawili usiwasikilize, tafadhali, hata kama walisema kwa roho nzuri. Unyoya uliokwisha kukomaa ni kitu kilichokufa, ni kama kucha yako, ukishavunjika hauponi na hakuna mafuta yanayoweza kuuponya. Unachoweza kufanya ni kumsaidia ndege atengeneze mpya, na hiyo kazi inafanyika ndani ya mwili wake. Ukimpaka mawese manyoya yanashikana, hayashiki tena joto, na Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, usiku wa mvua unajua mwenyewe baridi yake, sasa fikiria yeye mwenye kifua wazi. Kung'oa ndiyo mbaya zaidi, inamuuma sana, inatoa damu, na kale kashimo unyoya unakootea kakiumizwa kanaweza kasioteshe tena maisha yote.

Kwanza mwangalie vizuri kichwani. Kasuku hawezi kufikisha mdomo wake kichwani mwake, kwa hiyo kama kichwa kina manyoya mazuri na kifua kiko uchi, mara nyingi ni yeye mwenyewe anajinyonyoa, kwa sababu ya moshi, njaa ya mwilini, woga au upweke. Kama na kichwani yanaanguka, na hana kasuku mwenzake wa kumnyonyoa, hapo fikiria ugonjwa. Kuna virusi vinavyoshambulia manyoya na mdomo wa kasuku, manyoya mapya yanatoka yamepinda au yamebanwa chini, mdomo unaanza kung'aa na ule unga mweupe ambao kasuku wa kijivu huacha kila mahali unapotea. Huo hauna dawa ya kuumaliza na unaambukiza kasuku wengine, unajulikana kwa kipimo cha laboratwari. Kwa hiyo hata kama kichwa kinaonekana kizima mpeleke kwa veterineri, na mpaka upate jibu usimkaribishe na kasuku wa mtu mwingine. Na watoto wanawe mikono wakishamshika au kusafisha kizimba. Mtu wa nyumbani akipata homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, mwambieni daktari kwamba mnaishi na kasuku, kuna ugonjwa mmoja unaotoka kwao unaingia kwa watu, unatibika na antibiotiki lakini lazima daktari ajue pa kutafuta.

Halafu mtoe jikoni. Leo, si kesho. Mapafu ya ndege ni mepesi mno, moshi wa makala unaotuwasha sisi macho tu, yeye unamuumiza kabisa, na kikaango cha Teflon (kile chakula hakigandi) kikipata moto kupita kiasi kinatoa hewa inayoua kasuku kwa muda mfupi sana. Dawa ya mbu ya kupuliza na manukato pia mbali. Mweke chumba watu wanamokaa, ukuta mmoja nyuma yake ili asiogope kila upande, na asubuhi apate jua kidogo la moja kwa moja, si la kupitia kioo, lakini na kivuli cha kukimbilia. Jua ndilo linalomsaidia mwili kutumia kalisiamu, na kasuku wa kijivu hupungukiwa kalisiamu kwa urahisi.

Sasa chakula, na hapa ndipo naomba usome polepole. Kalanga na mukate havijengi manyoya. Kalanga zikiwa na ukungu ndiyo sumu, ini linaharibika. Porini hawa ndege wanakula ngazi, yale matunda mekundu ya muchikichi, na rangi ile nyekundu ndimo kuna vitamini A ambayo ngozi na manyoya vinaitaka. Sokoni Kadutu utapata ngazi mbichi, mpe nzima acheze nayo, achubue mwenyewe. Ongeza karote, boga, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, lengalenga, papai, mahindi mabichi, maharagwe yaliyoiva vizuri (mabichi hapana kabisa), na mara mojamoja kipande cha yai la kuchemsha pamoja na ganda lake, maana unyoya karibu wote ni protini. Pilipili pia anaweza, ndege hawasikii ukali wake. Avoka USIMPE, hata watoto wakisema anaomba, najua kwetu avoka iko kwenye kila sahani ya maharagwe lakini kwa kasuku ni sumu ya kuua. Chokoleti, kahawa, bia, sambaza za chumvi, vyote hapana.

Ila usimkatie kalanga ghafla, kasuku aliyezoea kitu kimoja anaweza kukaa na njaa mbele ya chakula kizuri. Asubuhi akiwa na njaa weka vile vipya, mchana ndiyo umpe kidogo alivyozoea, punguza wiki kwa wiki. Mzani wa jikoni utakusaidia, kasuku mzima wa kijivu ana gramu 400 hivi mpaka 500, ukiona uzito unashuka kila siku rudi nyuma.

Maji: chupa ya kupulizia, maji ya uvuguvugu bila sabuni, mnyunyizie kwa juu yashuke kama mvua nyepesi, si usoni, asubuhi ili jioni awe amekauka. Akikimbia acha, weka tu sahani pana ya maji, ataingia siku yake. Maji yanamfanya achambue manyoya vizuri badala ya kuyavunja.

Kuhusu mabawa. Unyoya uliokatwa unabaki pale mpaka zamu yake ya kuanguka ifike, na kasuku habadilishi yote pamoja, anabadilisha machache machache, kwa hiyo hesabu mwaka au zaidi. Ya kifuani aliyoyanyonyoa yanaweza kuanza kuonekana ndani ya wiki kadhaa kama ataacha. Unyoya mpya unatoka kama kijiti cheusi chenye damu ndani. Kwa kawaida manyoya marefu yaliyo kando yake yanaukinga, lakini hayo yalikatwa, umebaki peke yake, akianguka unavunjika na damu inatoka nyingi. Ndiyo maana vijiti vya kusimamia viweke chini, vya unene tofauti, matawi ya mpera ni mazuri na atayatafuna, na chini ya kizimba tandika kitambaa kinene. Damu ikitoka bana na kitambaa safi, weka unga laini wa mahindi, isipokoma ndani ya dakika chache mkimbize kwa veterineri.

Na kutetemeka kwake, mama, huyo alishikwa vibaya na watu, hajui kama nyinyi ni wengine. Watoto wasimshike kwa sasa. Wakae karibu wakisoma masomo yao kwa sauti, wamuwekee ngazi na waondoke, yeye ndiye atakayesogea. Usiku apate giza na kimya kwa muda wa masaa kumi mpaka kumi na mawili. Umpe na kazi: chakula kifunge ndani ya majani ya mahindi, akichanachana majani hachani kifua chake. Atarudi kuwa mzuri? Wengi wanarudi. Wengine kifua kinabaki na upara kidogo, na wanaishi vizuri tu miaka mingi.

SWALI: Kuna kijana anapitisha kasuku wawili hapa Goma, manyoya yamejaa gundi, wanatia huruma. Niwanunue niwaokoe?
Msomaji, Goma

JIBU: Ndugu yangu, usinunue. Gundi hiyo ndiyo waliyonasiwa nayo, na wengi wa wenzao walikufa njiani kabla ya kufika kwako. Pesa yako itarudi msituni kukamata wengine. Kasuku wa kijivu wako kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kuisha, na tangu Januari 2017 wako kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini, kile cha ulinzi mkubwa zaidi. Wajulishe ICCN, shirika la serikali la kulinda mbuga na wanyama wa Kongo, uwaambie ulimuona wapi huyo kijana. Najua inauma kuwaona hao kasuku ukapita.

SWALI: Kasuku wangu manyoya yameota yote, sasa anaruka ndani ya nyumba. Nimwachie porini?
Msomaji, Ibanda

JIBU: Hapana dada, usifungue tu dirisha. Aliyekaa na watu hajui kutafuta chakula wala kukimbia mwewe, na anaweza kupeleka ugonjwa kwa wa msituni. Wanarudishwa kwa kundi, wamepimwa kwanza, wamefundishwa kuruka kwenye kizimba kikubwa. Hapo karibu kuna kituo cha Lwiro, Kabare, kando ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, kiko tangu 2002, watu wanakijua kwa sokwe lakini kinapokea na kasuku. Ongea nao au na ICCN, wakuambie kama wako anafaa kuungana na wengine. Mpaka hapo mwache aendelee kuruka ndani, feni imezimwa, sufuria za moto zimefunikwa, vioo umevitundikia pazia.