Kabla hujapachika cha watu kwenye ukurasa wako

Kosa langu la kwanza katika kupachika vitu vya tovuti nyingine kwenye ukurasa wangu wa wavuti lilikuwa mkwaju (/) mmoja tu. Nilitumia tagi ya HTML inayoweka fremu, yaani dirisha dogo linaloonyesha ukurasa wa kwingine ndani ya wako, nikaandika hivi:

`<iframe src="anwani-ya-ramani" />`

Nikahifadhi, nikafungua ukurasa, ramani ipo, lakini kila kilichokuwa chini yake kimetoweka: aya tatu, fomu ya mawasiliano, hata kijachini. Nikakesha nikiilaumu CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Kumbe `<iframe>` haijifungi yenyewe kama `<img>`. Kivinjari huupuuza ule mkwaju, kisha kinahesabu yote yanayofuata kuwa yamo ndani ya fremu mpaka kikutane na `</iframe>`, ambayo mimi sikuwa nimeiandika. `<script>` , tagi ya kuingiza skripti, yaani koodi inayoendeshwa na kivinjari, nayo ina tabia hiyo hiyo. Siku hizi ukurasa wangu ukikatika katikati, naanza kutafuta tagi isiyofungwa kabla sijamlaumu mtu.

Hilo ni kosa la mkono, linarekebishika kwa sekunde. Linalosumbua zaidi ni kusahau kwamba ulichopachika si chako. Wewe umeandika anwani tu. Mali imebaki kwenye seva ya mwenyewe, naye anaweza kuibadilisha au kuifuta usiku wa manane bila kukupigia hodi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi yalinikuta. Niliweka mchoro kwa `<img>` iliyoelekeza moja kwa moja kwenye tovuti ya mtu. Asubuhi moja msomaji akaniuliza mbona penye mchoro pana maandishi makubwa mekundu: ACHA KUIBA. Mwenye picha alikuwa ameibadilisha faili bila kugusa jina lake. Nilikasirika kidogo, halafu nikaona aibu, maana kila aliyefungua ukurasa wangu alikuwa anaila seva yake. Picha ikiwa leseni yake inaruhusu, ipakue uiweke kwako. Isiporuhusu, omba au iache.

Wengine hujilinda mapema. Utabandika anwani ya ukurasa fulani kwenye fremu, upate sanduku la kijivu linalosema muunganisho umekataliwa. Usihangaike na koodi yako. Fungua konsoli ya kivinjari, yaani sehemu inayoorodhesha makosa ya ukurasa, mara nyingi utakuta imetajwa `X-Frame-Options` au `frame-ancestors`: ndiyo seva yenyewe imekataza kuwekwa ndani ya kurasa za wengine. Sababu ni ya msingi. Mlaghai anaweza kuuweka ukurasa halisi usioonekana juu ya kitufe chake cha uongo, ukadhani unabofya zawadi kumbe unathibitisha malipo. Kwa hiyo tafuta anwani iliyotengwa kwa kupachikwa. Video ya YouTube, kwa mfano, haikubali ile anwani ya kutazamia yenye `watch`. Inataka yenye `/embed/`. Ikikosekana kabisa, weka kiungo cha kawaida. Na kama ukurasa wako ni wa `https` (muunganisho salama), fremu ya `http` itazuiwa, basi.

Nikipachika kitu cha mtu nisiyemfahamu vizuri, naongeza sifa ya `sandbox`. Ukiiacha tupu, fremu haiendeshi skripti, haitumi fomu, haifungui dirisha jipya. Kisha unarudisha ruhusa moja moja, ile inayohitajika tu. Angalizo: `allow-scripts` na `allow-same-origin` zikikaa pamoja, na fremu ikawa inatoka kwenye tovuti yako mwenyewe, iliyomo ndani inaweza kuiondoa `sandbox` yenyewe. Ni sawa na kumfungia mtu chumbani ukamwachia ufunguo.

Skripti za nje ndizo ninazoziogopa kweli. Fremu ina mipaka yake, lakini `<script>` ikishaingia inafanya kazi kana kwamba umeiandika wewe: inasoma fomu, inabadilisha maandishi, inafanya lolote. Taja toleo kamili la maktaba (koodi iliyoandikwa tayari na wengine) unayoichukua, usiandike “la karibuni”, kisha weka `integrity` yenye alama ya utambulisho iliyokokotolewa kutoka kwenye faili (hash) pamoja na `crossorigin="anonymous"`. Faili ikibadilishwa hata herufi moja, kivinjari kinaikataa.

Vipimo navyo. Usipoipa `<iframe>` upana na urefu, inajikatia pikseli 300 kwa 150, na video yako inaonekana kama stempu. Mimi huandika `width` na `height`, halafu kwenye CSS naweka upana asilimia 100, `height: auto` na `aspect-ratio: 16 / 9`. Zilizo chini ya ukurasa nazipa `loading="lazy"` zisipakuliwe kabla msomaji hajazikaribia. Ya juu kabisa usiipe, utaichelewesha bure.

`<embed>` na `<object>` , tagi nyingine mbili za kupachika, nazitumia kwa nadra. Enzi zao zilikuwa za Flash, programu ya zamani ya kuonyesha michezo na video kwenye kivinjari, ambayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. `<object>` bado inanifaa kwa PDF, kwa sababu simu nyingi hazionyeshi PDF ndani ya ukurasa, na chochote unachoandika kati ya tagi zake mbili hutokea pale inaposhindikana. Kwangu huwa ni sentensi moja: “Pakua waraka hapa.” `<embed>` haina nafasi hiyo, ikishindwa, msomaji anabaki anatazama uwazi.

Jingine nililochelewa kulijua ni `title`. Asiyeona, anayetumia kisoma skrini, akifika kwenye fremu isiyo na jina husikia “fremu” tu, au anasomewa anwani ndefu herufi kwa herufi. Andika `title="Ramani ya kufika ofisini"`, naye ataamua mwenyewe kama anaingia au anapita.