Dada, kabla hujaacha kazi ufungue kampuni Marekani

Wadogo zangu mnaonitafuta mkiuliza muanzie wapi, wengi mnataka tuzungumze habari za wawekezaji. Mimi huuliza kwanza: uko kwa viza gani?

Kumiliki hisa ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Mgeni anaruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni ya aina ya C, ile inayolipa kodi yake yenyewe, na wengi wetu husajili katika jimbo la Delaware kwa sababu wawekezaji wameizoea. (Akija mtu na ushauri wa kampuni ya aina ya S, ambayo faida yake hutozwa kodi kwa wenye hisa, ili upunguze kodi, mwambie aina hiyo haimpokei mwenye hisa asiyehesabiwa mkaazi kikodi.) Lakini kibali cha H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, ni cha kumfanyia kazi mwajiri aliyekuombea tu. Kukesha ukijenga programu ya kampuni yako mwenyewe, hata bila mshahara, kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi isiyo na kibali. Njia zipo. Aliye kwenye OPT, ruhusa ya kufanya kazi miezi 12 anayopewa mwanafunzi mgeni baada ya chuo, anaweza kujiajiri, mradi kazi ihusiane na alichosomea. Tangu Januari 2025 kanuni za H-1B zinamtambua pia mwanzilishi anayemiliki sehemu kubwa ya kampuni, ila vibali vyake viwili vya mwanzo havizidi miezi 18 kila kimoja. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo mlipe wakili wa uhamiaji hata saa moja tu, kabla hujamlipa mchora nembo.

Usome na mkataba wa kazi uliyo nayo. Mingi inampa mwajiri haki ya ulichobuni kwa vifaa vyake, kwa hiyo laptopu ya ofisi isiguse mradi wako.

Mkigawana hisa za kuiva kidogo kidogo kwa miaka minne, yaani zinazokuwa zako kamili kadiri unavyobaki kwenye kampuni, fomu ya 83(b), ya kuchagua kutozwa kodi mapema kwa thamani ya siku ulipozipokea, itumwe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ndani ya siku 30 tangu uzipokee. Hakuna kuongezewa muda. Ukichelewa, utatozwa kodi kila zinapoiva, kwa thamani ya siku hiyo, na mkononi huna hata senti. Tuma kwa rejesta, risiti uiweke.

Mwanzilishi mwenza akiwa mume au ndugu, andikianeni vilevile. Anousheh Ansari, aliyetoka Iran akiwa msichana, alianzisha Telecom Technologies mwaka 1993 pamoja na mumewe na shemeji yake, kwa hiyo sisemi familia haifai. Nasema karatasi iwepo.

Lafudhi isikunyime usingizi. Jiandae kwa maswali ya wawekezaji. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa wanawake huulizwa zaidi namna ya kuepuka hasara, na wanaume namna ya kukua. Utaulizwa: "Utawazuiaje wateja wasihame?" Ukijibu kuhusu kuhama peke yake, kikao kizima kitakuwa cha kujitetea. Jibu hivi: "Waliopo wanabaki kwa sababu mahesabu yao yote yako kwetu, na soko linapanuka kiasi kwamba mwakani wapya watakuwa wengi kuliko hawa." Hapo utaje idadi ya wateja, na kiasi cha fedha unachotafuta. Kitaje kama kilivyo, bila "labda" wala "kama inawezekana". Jioni hiyohiyo uwatumie wawekezaji hao takwimu hizo kwa barua pepe.