Mtoto mwenye uzito pungufu: tazama yale yasiyouma

Mtoto akizaliwa chini ya gramu 2,500 ana uzito pungufu. Wengine ni njiti, wamezaliwa kabla ya wiki 37. Wengine wametimiza miezi ila hawakukua vizuri tumboni. Sigara na pombe huchangia, lakini kwetu vyanzo vikubwa ni vile ambavyo mama hasikii vikimuuma.

Kwa wakazi wa pwani na kanda ya ziwa, anza na malaria. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, na mama aliyekulia penye malaria anaweza asipate homa kabisa, huku chakula kikimfikia mtoto kwa shida. Mimba ya kwanza huathirika zaidi, maana mwili haujawahi kukutana na vimelea vya kwenye kondo. Ndiyo kazi ya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria: vidonge 3 kwa mpigo, mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kisha kila baada ya mwezi, angalau mara 3. Anayeanza kliniki na miezi 7 amekaa zaidi ya miezi 3 bila kinga hiyo. Anayetumia Septrin (dawa ya kuzuia maambukizi) kwa sababu ya VVU hapewi SP. Na folik asidi, vitamini ya wajawazito, ya miligramu 5 hudhoofisha SP. Kwa siku inatosha 0.4, ambayo kwa kawaida imo kwenye kidonge cha pamoja na madini ya chuma.

Kidonge hicho wengi hukiacha kwa kichefuchefu. Kimeze usiku baada ya kula, na chai isogee mbali kwa saa moja au mbili. Choo cheusi kisikutishe. Kipimo cha wingi wa damu kikiwa chini ya 11 (gramu kwa desilita), damu ni pungufu, na hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu huo. Kuula huleta minyoo na kuzuia chuma.

Presha ikifika 140/90, mtiririko wa damu kwenye kondo unaweza kuwa umeshapungua. Kichwa kikigonga au macho yakiona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ule ushauri wa kula kidogo ili mtoto atoke kirahisi, achana nao. Ukijifungua, subiri miezi 24 kabla ya mimba nyingine.

Kuanzia wiki ya 24 hivi, tumbo likipimwa kwa futikamba, sentimita hukaribiana na wiki za mimba. Zikipungua kwa zaidi ya 3, omba ultrasaundi.