Mahekalu na michoro ya mawe Hawaii: uanzie wapi

Kama una siku moja tu kwenye kile kisiwa kikubwa cha Hawaii na unauliza uanze na hekalu la kale au michoro iliyochongwa kwenye mawe, mi ningesema michoro kwanza, nenda Puʻuloa ndani ya hifadhi ya volkano, iko pembeni ya barabara ya Chain of Craters, unatembea kama kilomita moja na kitu juu ya lava iliyoganda halafu unakuta michoro zaidi ya 23,000, mingi ni vishimo vidogo tu ambavyo wazee walikuwa wanachonga na kuweka kitovu cha mtoto mchanga kilichodondoka ili aishi maisha marefu. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa la utosini hauoni kitu, kivuli ndo kinaonyesha mchongo. Na maji beba ya kutosha, kivuli cha kujikinga wewe hakuna kabisa aisee.

Hekalu ni Puʻukoholā kule Kawaihae, upande mwingine kabisa wa kisiwa, chifu Kamehameha, yule aliyekuja kuunganisha visiwa vya Hawaii, alilijenga 1790 hadi 1791, mawe matupu bila udongo wala chokaa, na mpinzani wake Keōua aliuawa hapohapo alipofika. Ndani huingii, unaangalia kwa nje, usije ukalalamika maana Wahawaii bado wanafanya ibada pale. Kingine, usikanyage michoro, usiifuatishe kwa chaki au karatasi eti upate picha nzuri, na mawe yaache hapohapo.