Silinda huchongwa kufuata pistoni, si namba ya kwenye boksi

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii kuhusu Land Rover ya zamani, ile yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Silinda zimechongwa ovasaizi, yaani zimepanuliwa kuzidi kipimo cha kiwanda, ya inchi 0.020, pistoni zikaagizwa baadaye na kuingizwa. Sasa injini inagonga asubuhi ikiwa baridi, ikishapata moto inatulia, na nyuma inatoa moshi wa bluu. Anauliza kama ni beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki. Hapana. Beringi iliyolegea haitulii kwa joto, na mara nyingi kelele huzidi kwa kuwa mafuta yamekuwa mepesi. Mlio wa kugonga unaopotea injini ikipata moto ni wa pistoni inayoyumba ndani ya silinda iliyo pana kuliko inavyotakiwa, mpaka alumini itanuke na kuijaza ile nafasi. Moshi nao una sababu yake, nitaifikia.

Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Silinda ya injini hiyo ikiwa standadi ina kipenyo cha milimita 90.47, na ukiongeza inchi 0.020 unapata karibu milimita 90.98. Namba ya kwenye boksi la pistoni inaishia hapo. Haikwambii pistoni yenyewe ina kipenyo gani hasa, wala inahitaji nafasi kiasi gani. Pistoni mbili za namba moja kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana kwa sehemu kadhaa za mia za milimita, na katika kazi hii tofauti ya sehemu tatu za mia ndiyo inayotenganisha injini tulivu na injini inayogonga. Kwa hiyo pima silinda za zamani kwanza, amua ovasaizi, nunua pistoni, pima kila moja, iandike namba ya silinda yake, kisha upeleke bloku (mwili wa injini wenye silinda) na pistoni kwa fundi wa mashine vikiwa pamoja. Fundi akikwambia acha bloku, pistoni utaleta baadaye, beba bloku lako uondoke.

Kupima silinda ya zamani kuna mahali pake. Silinda hailiki sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi (pete ya pistoni) ya kwanza inapogeukia, kwa sababu hapo joto na shinikizo ni vikubwa na mafuta ni machache. Tena inalika zaidi upande unaobeba msukumo wa pistoni kuliko usawa wa krenki. Pima kwa geji ya saa au maikromita ya ndani katika vimo vitatu: chini kidogo ya ukingo wa juu, katikati, na chini kabisa. Kila kimo pima mara mbili, usawa wa krenki na kuukata. Ukipata tofauti ya zaidi ya milimita 0.10 kati ya juu na chini, ringi mpya peke yake hazitakusaidia. Zitapanuka na kubanwa kila pistoni inapopanda na kushuka, na baada ya muda mfupi utarudi kwenye moshi.

Asiye na geji ana njia nyingine ya kuaminika. Chukua ringi, iingize chini ya silinda ambako haijalika, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia). Kisha ilete juu upime tena. Tofauti ya mianya hiyo, gawa kwa 3.14. Mwanya ukiwa milimita 0.40 chini na 0.75 juu, tofauti ni 0.35, kwa hiyo silinda imepanuka juu kwa milimita 0.11. Njia hii haioneshi umbo la yai, lakini inatosha kuamua kama bloku liende mashineni.

Katika kuchagua ovasaizi wengi hujidanganya. Silinda iliyolika milimita 0.20 haisafishiki kwa ovasaizi ya 0.25. Kama mliko wote uko upande mmoja, na fundi anachonga akiifuata senta ya zamani kama inavyompasa, anahitaji kuondoa 0.40 ya kipenyo ili aufikie ule upande uliolika. Basi chukua 0.50. Fundi anayekubali kusogeza senta ili akuokolee ovasaizi moja anakuachia silinda isiyosimama juu ya krenki, na konrodi ndiyo italipa.

Pistoni haipimwi popote tu. Si duara kamili. Sketi yake, yaani ubavu wa chini, ni ya umbo la yai, na kichwa ni kidogo kuliko sketi kwa sababu ndicho kinachopata joto zaidi. Pima kwa kukata mwelekeo wa pini inayoishika konrodi, karibu na mwisho wa sketi au pale kiwanda kilipoelekeza. Ukipima usawa wa pini utapata kipenyo kidogo, silinda itachongwa ndogo, na pistoni itakwama ndani ya kilomita za mwanzo.

Joto nalo usilidharau. Alumini hutanuka takribani mara mbili ya chuma cha kusubu. Pistoni ya milimita 80 iliyokuwa juani, ikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya bloku, imeongezeka karibu milimita 0.037. Hiyo inakaribia nafasi yote unayoitafuta. Laza pistoni, bloku na maikromita chumba kimoja usiku kucha, upime asubuhi.

Nafasi yenyewe, kitabu cha kiwanda kikiwapo ndicho cha kufuata, na maelezo ya mtengenezaji wa pistoni yana uzito kuliko kitabu cha gari. Usipokuwa na chochote, pistoni ya alumini ya kusubu katika injini inayopozwa kwa maji, yenye kipenyo cha milimita 80 hadi 90, hukaa vizuri kwenye milimita 0.04 hadi 0.06. Pistoni za kufuliwa hutanuka zaidi, nazo huanzia 0.08 na kuendelea. Kuna na magari ya kale kabisa, kama Ford Model T yenye silinda ya inchi 3.75, ambayo yalitoka na pistoni za chuma. Pistoni ya chuma hutanuka karibu sawa na silinda yake. Ukiibadilisha kwa ya alumini, nafasi ya zamani haifai tena, lazima iongezwe. Na zibadilishwe zote nne kwa pamoja, kwa kuwa uzito wake ni tofauti kabisa.

Kabla ya kuchonga, bloku lisafishwe njia za maji. Kutu na tope la miaka mingi huganda nyuma ya silinda, hasa ya mwisho, hapo ndipo injini huchemka. Ukuta ulioliwa na kutu kwa nyuma unaweza kutobolewa na ovasaizi ndogo tu. Binafsi siupendi ukuta ulio chini ya milimita 3. Ukifika hapo, slivu (bomba la kuvikwa ndani ya silinda) ni salama zaidi: silinda inachongwa pana, slivu inaingizwa kwa nguvu, kisha ndani ya slivu panachongwa upya hadi kipimo cha pistoni. Slivu ikishaingia hubanwa na kupinda kidogo, ndiyo maana haiendi moja kwa moja kwenye injini.

Mashine nyingi za kuchonga hukaa juu ya uso wa bloku. Uso ukiwa na kipande cha gasketi au kovu la patasi, silinda nzima itatoka imeinama. Usugue, ulaze rula ya chuma, uhakikishe umenyooka. Fundi achonge aache milimita 0.05 hadi 0.08 kwa ajili ya mawe ya kusugulia, maana kisu huacha uso uliochanika, na mawe ndiyo huuondoa huo uso na kufikisha kipimo. Kama ana bamba nene la kufungwa juu ya bloku kwa bolti zilizokazwa torki ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda), alitumie. Bolti za hedi huvuta ukuta wa silinda, na silinda iliyo duara bila hedi huacha kuwa duara hedi ikikazwa.

Sasa ule moshi. Kwa ringi za chuma cha kusubu tumia mawe ya namba 220 hadi 280, na mistari ikatizane kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60. Mistari hiyo ndiyo hushika mafuta na kuisaga ringi mpaka ikae. Silinda iliyong'arishwa kama kioo inapendeza machoni tu. Ringi haikai, na mafuta yanapita juu. Mistari ikilala sana, silinda inabeba mafuta kupita kiasi. Ikisimama sana, mafuta yanateremka na ringi inabaki kavu.

Kuosha ndiko kunakorukwa kuliko kazi nyingine yoyote, na hakuna kinachoniudhi zaidi. Petroli na mafuta ya taa hayaondoi unga wa mawe. Yanauosha juu juu na kuuingiza ndani ya ile mistari. Tumia maji ya moto, sabuni nyingi na brashi ngumu, rudia, suuza, kausha mara moja kwa hewa. Paka mafuta mepesi hapohapo kwa sababu kutu huanza ndani ya dakika. Kisha pitisha kitambaa cheupe chenye mafuta. Kikitoka na kijivu, rudi kwenye sabuni. Unga ule ukibaki, unasaga ringi, pistoni na beringi za krenki kwa pamoja.

Ringi moja moja ipimwe ndani ya silinda yake. Mwanya uwe milimita 0.03 hadi 0.04 kwa kila sentimita ya kipenyo, yaani karibu 0.27 hadi 0.36 kwa silinda ya milimita 90. Mwanya mdogo ni hatari kuliko mkubwa. Ringi ikipata moto ncha hugusana, haina pa kwenda, inakwaruza silinda au kuvunjika. Piga tupa ncha moja tu, ukienda kutoka nje kuja ndani, kisha ondoa ukali wa kingo. Ndani ya mfereji wa pistoni, nafasi ya pembeni iwe 0.04 hadi 0.08.

Konrodi nazo zikaguliwe. Pistoni ya zamani yenye alama ya mkwaruzo iliyokwenda mshazari kwenye sketi inakuonesha konrodi iliyopinda, na pistoni mpya itapata alama hiyohiyo. Pima uzito wa pistoni pamoja na pini zake. Tofauti isizidi gramu chache, na inayozidi ipunguzwe kwa ndani, chini ya sketi, si kwenye kichwa. Pini isigongwe kwa nyundo. Tia pistoni katika maji ya moto, pini itaingia kwa kidole gumba. Klipu ziwe mpya, uwazi wake utazame juu au chini. Kwenye konrodi za zamani ambazo pini hubanwa kwa bolti, hakikisha bolti imekaa kwenye kata ya pini na imefungwa isilegee, kwani pini inayosogea pembeni huchimba mfereji mrefu kwenye ukuta, na dawa yake ni slivu.

Pistoni zenye sketi iliyopasuliwa zina upande wake. Injini inayozunguka kama saa ukiitazama kwa mbele, msukumo huenda mkono wako wa kushoto, kwa hiyo mpasuo ukae kulia. Ukiugeuza, sketi itachoka na kuvunjika. Ringi zenye neno TOP, neno hilo litazame juu. Mianya igawanywe, isipangane, wala isikae upande wa msukumo. Vika bolti za konrodi vipande vya mpira ili zisiguse krenki. Bana ringi kwa kibanio, sukuma kwa mpini wa nyundo. Ikikwama, toa uangalie, usiongeze nguvu. Kila pistoni ikiingia, zungusha krenki kwa mkono, ili ugumu ukitokea ujue ni ya ngapi.

Kabla ya kuwasha, toa plagi na uzungushe mpaka shinikizo la mafuta lionekane. Tumia mafuta ya kawaida ya madini, si ya sintetiki. Injini isiachwe ikinguruma bila mzigo nusu saa, hapo ringi hazisukumwi ukutani na silinda zinang'aa mapema. Ingia barabarani, gia ya juu, kanyaga kwa kiasi, kisha achia. Kukanyaga kunazibana ringi ukutani, kuachia kunavuta mafuta juu na kuosha unga. Usiivute sana mlimani wala usiikimbize mwendo mmoja kwa muda mrefu. Badili mafuta baada ya kilomita 500, mapema zaidi kama injini haina filta. Hedi ikaze tena baada ya joto la kwanza, injini ikiwa imepoa, na kwenye injini zenye valvu juu upime upya mianya ya valvu, kwa sababu hedi ikishuka mianya hiyo hupungua.